Mbao za mawimbi juu ya IST, Mbeya mpaka Matema: ulaze juu ya nini, ufunge na nini

Mpwa wangu wa Dar alinipigia simu mwezi wa sita akasema anko nakuja Mbeya na mbao mbili, mi moja kwa moja nikawaza huyu kijana kasikia banda langu la kuku limeegemea, nikamwambia mbao za nini kutoka Dar wakati Mafinga unaipita njiani, akacheka mpaka simu ikakata. Kumbe mbao za mawimbi, zile wanazosimama juu yake baharini. Kasikia mwera ukivuma Ziwa Nyasa kule Matema kunakuwa na mawimbi ya maana, na ni kweli, mana ziwa limenyooka kutoka kusini zaidi ya kilomita 500 na Matema iko kichwani kabisa, upepo wote wa Mei mpaka Agosti unakuja kuishia pale. Akataka akajionee. Na gari ya kumpeleka ni IST yangu ambayo juu ni bati tupu, haina hata reli.

Tumeenda mara tatu mpaka likizo yake ikaisha, na kila safari tumefunga kwa njia tofauti, mara nyingine kwa kupenda na mara nyingine kwa kuumia. Kwaiyo naandika hapa kwa mwenye gari ndogo anayetaka kubeba kitu kirefu chepesi juu, iwe ubao wa mawimbi, kile kiubao cha kupiga kasia umesimama, au hata ngazi, ajue achukue njia ipi.

Kwanza uelewe unachobeba. Ubao wake mrefu ni futi 9, yani mita 2 na sentimita 74, na mfupi futi 6. Ukibeba huo mrefu kwapani unashangaa, hauna uzito wa kumshinda mtoto wa darasa la saba. Ndani ni povu, nje kumepakwa fiba nyembamba na rezini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu. Uzito kwaiyo siyo tatizo, paa la gari ndogo mara nyingi linaruhusiwa kilo 50 mpaka 75 hivi (angalia kitabu cha gari yako, na hiyo hesabu inajumlisha na keria yenyewe, watu wengi wanasahau). Tatizo ni mambo mawili. Upepo, mana ubao ni kama bawa, na nguvu ya upepo haipandi sawasawa na spidi, ukitoka 40 kwenda 80 spidi imeongezeka mara mbili lakini upepo unasukuma mara nne. La pili ni mkono wako wewe mwenyewe unayefunga. Mi nasema hili la pili ndo linaua mbao nyingi kuliko upepo, nitafika huko.

CHA KULAZIA

Sponji tupu juu ya bati

Hii ndo tulianza nayo. Unachukua sponji mbili ndefu nene, za kochi zinafaa kwa dharura ila zile ngumu ngumu ndo nzuri zaidi, unazilaza kukatiza paa, moja mbele moja nyuma, ubao unakaa juu, afu belti inapita juu ya ubao inaingia ndani ya gari kwa mlangoni na kutokea mlango wa pili. Siyo dirishani. Unafungua milango yote minne, unapitisha, unakaza, ndo unafunga milango. Nimeona mtu kapitisha dirishani afu akawa hawezi kupandisha vioo, baridi ya Isongole ikamnyoosha.

Uzuri wake ni bei, ni kama bure, na baada ya safari unatoa unaweka stoo gari linabaki kama lilivyokuwa. Ubaya nimeuona siku hiyohiyo. Kwanza vumbi, kama hujaosha paa hiyo sponji inageuka msasa, nimerudi nina mikwaruzo miwili ya duara juu ya bati mpaka leo ipo. Pili mvua. Upande wa Rungwe hauna habari na kiangazi chako, tumetoka Uyole jua linawaka tumefika Isongole ukungu na manyunyu, na maji yanafuata belti kama yanavyofuata kamba ya kuanikia nguo, yanaingia ndani yanadondokea shingoni. Mpwa alikaa na taulo begani mpaka Tukuyu. Baadae akaniambia dawa yake ni kuacha kipande cha uzi kinaning'inia kwenye belti nje kabla haijaingia mlangoni, maji yanafuata uzi yanadondoka huko, tumejaribu na inapunguza, haimalizi.

Kuna ndugu zake wa sponji, ile mifuko ya kujaza hewa. Jamaa wa kazini alikuwa nayo akaniazima nikaijaribu mtaani tu. Iko poa, inashika vizuri kuliko sponji, lakini kwa njia yetu hii ina kitu cha kuangalia. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye 475 hivi. Ukijaza huku juu ukashuka kule, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi inaubana mfuko, unalegea, na ukilegea belti nayo imelegea. Joto la Kyela linairudishia kidogo lakini usilitegemee. Simama Tukuyu uibonyeze, kama imelegea ongeza pumzi.

Keria ya mtumba, zile bomba mbili za kukatiza

Hizi zinashuka na mizigo ya Japani, bomba mbili na miguu minne, mguu unashika ukingo wa bati pale juu ya mlango. Ukipata za gari yako hasa, mi nakwambia funga mjadala nunua. Nyepesi, hazipigi kelele sana, hazikwaruzi, na belti unafunga nje kabisa bila kuingiza maji ndani.

Tatizo ni hilo neno "za gari yako". Miguu imetengenezwa kwa modeli, mguu wa gari nyingine unaweza ukaonekana umekaa kumbe umeng'ang'ania kwa kona moja tu. Niliuziwa seti sokoni Mwanjelwa na kijana anaapa kabisa bosi hii ni ya IST, nikafunga nikatikisa keria ikacheza peke yake. Hicho ndo kipimo, hakihitaji fundi. Shika bomba kwa mikono miwili, tikisa kwa nguvu kama unamwamsha mlevi. Gari lote linatakiwa liyumbe na springi zake. Kama keria inacheza na gari limetulia, rudisha. Nilirudisha, tuligombana kidogo, hela nilipata.

Kingine IST paa lake fupi, bomba mbili zinakaa karibu karibu, na ubao wa futi 9 unabaki umening'inia mbele na nyuma kama mzani wa sokoni. Ziweke mbali kadiri paa linavyoruhusu, ukizisogeza karibu ubao unapata nafasi ya kupiga kichwa juu chini.

Keria ya fundi

Safari ya pili nikaenda kwa fundi wa kuchomelea pale Sido, nikamchorea kwenye karatasi. Skwea paipu, rangi nyeusi, miguu ina kapeti ya mpira chini na ndoano za kuvuta ukingo wa mlango kwa nati. Ilikuwa nzuri kwa macho! Jirani zangu walinipongeza kama nimenunua gari jipya. Na kwa kazi nyingine za nyumbani hiyo keria ndo mkombozi, ndizi, magunia, vitanda, kila kitu kinapanda.

Kwa ubao sasa. Tuliipima kwenye mzani wa mahindi ikasoma kilo 22, kwaiyo kabla sijaweka kitu paa la kilo 50 limeshabeba karibu nusu ya haki yake, siyo kesi kwa mbao mbili ila ukichanganya na gunia la mchele wa Kyela kurudi hesabu inakataa. Inakula mafuta, nimeiona kwenye geji. Na skwea paipu ina kona, kona na fiba haviivani, lazima uvalishe. Tulinunua lile bomba jeusi la sponji wanalovalisha mafundi wa AC na friji kwenye mabomba yao, ukilichana upande mmoja linaingia lenyewe, unazungushia selotepu, kazi imekwisha, na ni bei ya vocha. Hilo bomba jeusi hata kwenye keria ya mtumba weka.

Ndani ya gari, au basi

Ubao wa futi 6 kama una Probox au Noah usijisumbue kabisa na paa, laza siti, ingiza ndani, funika na shuka. Huo wa futi 9 kwenye Noah usiende kwa matumaini, pima na futi kamba kwanza. Basi kubwa upana wake ni mita 2 na nusu, kwaiyo futi 9 haulali kukatiza buti hata konda akiapa. Za kwetu zilifika Mbeya na lori la rafiki yake lililokuwa linakwenda Tunduma, zimelala juu ya magodoro, kifalme kabisa. Kwenye Coaster za Kyela wanapandisha juu, sawa, lakini juu ya ubao atakuja mwenye mikungu yake ya ndizi na konda haulizi chini kuna nini.

CHA KUFUNGIA, na hapa ndo kwenyewe

Wengi wanatumia hela kwenye keria afu kamba wanaokota buti. Mi ningefanya kinyume.

Mpira wa tyubu. Kila bodaboda anao, kila baiskeli inayo, nimekua nao. Safari ya kwanza tulikuwa na belti moja tu ya maana nikasema ya nyuma tufunge mpira, mpwa akaguna ila mi ndo anko. Kupanda kule Isongole hamna shida mana unapanda taratibu nyuma ya malori. Tatizo lilianza tukishuka kwenda Kiwira, nimekanyaga kidogo, nasikia juu du, du, du, mtu anagonga mlango. Mpira kazi yake ni kuvutika, upepo ukiinua ubao mpira unakubali, upepo ukipungua mpira unarudisha, kwaiyo ubao unapiga makofi. Tukasimama, tumekuta umeshasogea kwa upande kama kiganja kizima. Mpira ni mzuri kubana turubai au kuzuia ncha ya belti isipepee, kushika mzigo mwepesi mpana kwenye upepo hapana. Mzigo mzito uliotulia kama gunia, endelea nao.

Kamba ya manila. Hii siidharau, kwa anayejua kufunga. Tatizo la manila ni kuteleza, fundo la kawaida linajifungua lenyewe kwa mtikisiko, na ikikaa juani miezi inakauka inatoa vinyuzi kama unga, hiyo tupa. Fundo lake ni lile la matingo wa malori, unatengeneza kitanzi katikati ya kamba, ncha unaishusha chini inazunguka bomba la keria, inarudi juu inapita kwenye kitanzi, sasa ukivuta chini unapata nguvu karibu mara mbili, unabana na mafundo mawili chini ya kitanzi. Kama hujui hilo fundo ukaishia kuzungusha zungusha mpaka kamba iishe, hiyo siyo kufunga, ni kuvalisha. Ya katani isahau, ikiloa inabana, ikikauka inalegea, na kwetu huku unaloa na kukauka mara tatu kabla ya Kiwira.

Belti ya racheti. Hapa naomba nielezee polepole.

Safari ya pili, keria ya fundi mpya, nikanunua na belti za racheti zile za kufungia mizigo ya malori, za rangi ya chungwa, nikasema leo hata tukikutana na kimbunga. Jioni kibarazani Uyole, ubao mrefu uko juu, mpwa kaenda kuoga. Nikaingiza belti, nikaanza kukaza, ka, ka, ka. Ubao umetulia. Nikasukuma kwa mkono hausogei hata kidogo. Sasa unajua mwanaume akishika racheti, nikasema moja ya mwisho. Ka. Nikasikia mlio mdogo sana, kama mtu kakanyaga ganda la yai. Nikaangalia ubavuni mwa ubao, pale belti inapokunja, kuna mstari mwembamba mweupe kama nywele, urefu wa kidole. Ukipitisha ukucha unakwama.

Mpwa alivyotoka hakusema kitu. Alipitisha kidole pale mara mbili, akasema poa tu anko. Hiyo poa nimeisikia wiki nzima.

Ndo hivyo, racheti ina nguvu ambayo mkono wako hauisikii. Meno yanakupa nguvu nyingi, ubavu wa ubao unakuambia umeshavunjika, haukuambii unakaribia kuvunjika. Na ufa kama ule ukiingia majini povu linakunywa maji, ubao unakuwa mzito na unaoza kwa ndani. Tuliziba na selotepu nzito kwa hiyo safari. Tuliporudi nikaupeleka ubao kwa fundi wa fiba, wale wanaounga bampa, na hapa mpwa alinisaidia nisiongeze kosa la pili: rezini ya hao mafundi, ile ya poliesta yenye harufu kali, inafaa kwenye mbao za povu la poliyureteni, lakini ukiimwagia ubao wa polistairini, lile povu jeupe kama la kwenye makasha ya TV, inaliyeyusha mbele ya macho yako. Hizo zinataka epoksi. Bahati wa kwetu ulikuwa wa aina ya kwanza.

Kwa mabati, mbao za Mafinga, tangi la maji, racheti ndo mfalme, sibishani. Kwa ubao wa mawimbi usiguse.

Belti ya kuvuta kwa mkono. Hii ni belti kama ya racheti lakini badala ya meno ya kukaza ina kibano, unabonyeza kwa dole gumba inafunguka, unavuta ncha kwa mkono, ukiachia kinang'ata. Nguvu inayoingia ni nguvu ya mkono wako tu, basi. Huwezi kupasua ubao kwa kuvuta hivyo labda uning'inie. Haivutiki kama mpira, haitelezi kama manila. Mpwa alikuwa nayo moja kutoka Dar, ya pili tulihangaika, maduka ya vifaa yote yana racheti, mwisho tukaipata kwenye mtumba wa mabegi na vifaa vya kambi, imefifia ila kibano kizima. Jaribu kibano kabla ya kulipa, funga kwenye nguzo ya duka uvute kwa uzito wako, kikiteleza hata kidogo acha. Na kile chuma cha kibano kivalishe kipande cha mpira wa tyubu (ona, mpira umepata kazi), kisigonge fiba wala bati.

Safari ya tatu ilikuwa keria ya mtumba, nyingine ya kuazima iliyokubali IST, bomba jeusi la sponji, na hizo belti mbili. Nimeendesha mpaka Ipinda nikasahau kama juu kuna kitu.

Kuulaza kwenyewe

Mgongo wa ubao, yani upande wanaosimamia, unaangalia chini, mapezi (vile vibawa vya chini ya mkia) yanaangalia juu, na upande wa mkia wenye mapezi ndo unakaa mbele ya gari. Watu wanashangaa, inaonekana kama umeupakia kinyumenyume. Sababu ni mbili. Pua ya ubao imepinda, ukiulaza hivyo pua iko nyuma na imeinamia chini, upepo hauna mdomo wa kuingilia. Na mapezi yakiwa mbele ya belti, ubao ukitaka kuteleza kurudi nyuma yanakwama kwenye belti. Mrefu unakaa chini, mfupi juu yake, katikati weka taulo.

Belti inapita juu ya ubao, inashuka inazunguka chini ya bomba la keria, inarudi juu inazunguka bomba upande wa pili, ndo inakutana na kibano. Ipite karibu kabisa na ubavu wa ubao, siyo mbali, ukiacha nafasi ubao utacheza kushoto kulia. Vuta mpaka ukisukuma ubao gari ndo linatikisika, basi hapohapo, usitafute sifa. Ncha iliyobaki ifunge, ukiiacha inapepea itapiga bati kama fimbo njia nzima.

Afu kuna ule mlio. Belti bapa ikinyooka kwenye upepo inaimba, vuuuum, kuanzia spidi ya 60 hivi, mara ya kwanza nilidhani beringi imekufa nikasimama Igawilo nikazunguka tairi zote nazigusa kama zina joto. Dawa yake ni kuipindua belti mara moja tu ule upande usiogusa ubao, inanyamaza. Nilijisikia vibaya kidogo.

Kama ubao umezidi sana nje ya keria kama wa kwetu, ongeza kamba ya mbele, manila nyembamba inatosha, kutoka kwenye ubao mpaka ndoano ya kuvutia gari. Kwenye IST hiyo ndoano ni ya kuskrubu, iko kwenye vifaa karibu na tairi la spea, kitundu chake kiko kwenye bampa kimefunikwa na kifuniko. Na nyuma kitambaa chekundu, hilo tunalijua wote.

Njiani

Simama baada ya kilomita chache za kwanza, siyo kwa sababu hujui kufunga, sponji inajikalia na belti inalegea yenyewe. Sisi tunasimama Igawilo, afu Tukuyu, afu tukishakata kushoto Kikusya kuelekea Ipinda tunagusa tena. Matuta ndo adui kuliko kona, kila tuta mzigo unaruka kidogo na kurudi, na matuta ya njia hii unayajua mwenyewe.

Kuna kizuizi kimoja tulisimamishwa, mzee wa watu akazunguka gari akaugonga kwa kidole mfuko wa zipu tuliovalisha mbao akauliza hizi mbao kibali cha misitu kiko wapi. Mpwa akataka kucheka nikamkata jicho. Tulifungua zipu tukamwonyesha, akashika pezi, akasema hii inaruka au inaogelea? Akatuachia. Kwaiyo wenye mifuko isiyoonyesha ndani mjiandae kufungua.

Jua la Kyela nalo siyo la Mbeya. Ukifika usiuache ubao juu ya paa ukaenda kula samaki, nta wanayopaka juu ili mguu usiteleze inayeyuka inagandia kwenye mfuko, na joto likizidi fiba inaanza kuachana na povu inavimba malengelenge. Weka chini ya mwembe. Mbao nyingine zina kiskrubu kidogo cha kutolea hewa, hasa hizo za polistairini, mwenye nacho akipanda kutoka Dar kuja huku juu akilegeze hewa itoke, na asisahau kukikaza kabla ya kuingia ziwani.

Sasa we chukua kipi

Unaenda mara moja kwa mwaka na huna keria: sponji mbili ngumu, osha paa kwanza, belti mbili za kuvuta kwa mkono, spidi usizidishe 80, taulo la shingo. Inatosha, usiingie gharama.

Unaenda kila mwezi, au una nyumba ya wageni huko Matema unapeleka wateja na vibao vyao: tafuta keria ya mtumba inayokubali gari yako, hata kama utatafuta miezi miwili. Ya fundi usiitengeneze kwa ajili ya ubao tu. Kama gari hilohilo ndo linabeba na ndizi na mabati, hapo ya fundi inashinda, ila mwambie atumie paipu nyembamba na kona azisage, na uivalishe.

Una hela ya kitu kimoja tu kati ya keria na belti, nunua belti. Hilo siyumbi. Nimeona belti nzuri juu ya sponji ya kochi ikafika salama, na nimeona racheti juu ya keria ya kupendeza ikapasua ubao gari halijawashwa.

Na kama una Noah yenye reli zake juu mbona unasoma mpaka hapa, chukua skwea paipu mbili, funga kwenye reli, valisha, nenda. Kurudi ukinunua vyungu vya Wakisi pale Lyulilo jirani na Matema hivyo viweke ndani kwenye miguu ya abiria na majani makavu katikati, juu ya paa hata kwa belti ya dhahabu havifiki Tukuyu.